Moshi wa Pikipiki ya Mwalimu

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Mimi damu ndiyo kazi yangu: naichota kila asubuhi, naipima, uzito wake naujua. Anayetaka kunisomea methali hiyo siku hizi atafute mtu mwingine.

Nafanya kazi maabara, katika kliniki. Zamani kliniki ilikuwa nyuma ya soko, nikienda kwa miguu huku natafuna kiazi. Kisha ikahamishiwa mlimani, kwenye jengo jipya lenye madirisha makubwa, mimi nikabaki bondeni na miguu yangu. Wagonjwa wa kupimwa sukari huja na njaa, kwa sababu wameambiwa wasitie kitu mdomoni tangu jana yake. Wanakaa kwenye benchi wakimeza mate, wakinisubiri mimi na sindano yangu. Nikichelewa, wao ndio wanaoumia. Matroni, mkuu wetu, mwanamke asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, aliniita ofisini kwake akaniambia, "Mwanangu, mkataba wako unaisha mwisho wa mwaka. Nataka kuuongeza. Usinipe sababu ya kuacha."

Nikaamua kununua pikipiki.

Kaka yangu ni fundi pikipiki, na si fundi wa kubahatisha. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenishika mkono, na kuendesha nilijifunza uani kwenye gereji yake, nikizunguka mapipa ya oili mpaka kizunguzungu. Aliniita Jicho, kwa sababu nilipokuwa mdogo parafujo ikianguka mchangani mimi ndiye niliyeiona. "Jicho," alikuwa akiniambia, "mdomo wa muuzaji usiuamini. Amini macho yako. Kabla haijawashwa, gusa injini. Ukiikuta ya moto, ujue imepashwa makusudi ili ikuwakie vizuri. Ukiikuta ya baridi, hapo ndipo mazungumzo yaanze."

Nilijua ninachotaka. Pikipiki ndogo, injini ndogo, isiyokunywa mafuta kama harusi inavyokunywa soda. Iwe na vipuri vinavyopatikana kila kona, na kiti cha chini, maana miguu yangu Mungu aliikadiria kwa haraka. Sikutaka ile mikubwa inayonguruma, ambayo vijana wanainunua ili jirani asilale. Nilitaka tu chombo cha kunitoa bondeni na kunifikisha mlimani kila siku, mvua na jua, bila maneno.

Niliyoitaka niliipata kwa mwalimu mstaafu, jirani wa rafiki yangu. Ilikuwa ya bluu, imeegeshwa chini ya bati, imefunikwa shuka safi. Mwalimu alisema ilikuwa ya mke wake, aliyeiendesha kwenda na kurudi kazini mpaka alipougua. Mke huyo ndiye aliyeishonea kiti kitambaa cha kijani, mishono yake midogo midogo, imenyooka. Mnyororo ulikuwa umepakwa grisi. Niligusa injini: baridi kama sahani. Mwalimu akapiga kiki mara moja, ikawaka, ikatulia, ikawa inahema polepole. Moyo wangu uliishia pale pale. Nikamwambia Mwalimu nitarudi na kaka yangu, kwa sababu mtu mwenye fundi nyumbani haendi sokoni peke yake.

Tulirudi jioni. Mwalimu akaingia ndani kutafuta kadi ya pikipiki. Kaka akaizunguka mara moja, akabonyeza kiti, akachezesha usukani, akainama kwenye mashine upande wa kushoto, mkono mmoja umeingia chini ya tangi, sikio limetegwa. Nilipenda kumwangalia akifanya kazi. Ana namna ya kuinamisha kichwa, utadhani injini inamnong'oneza siri za mwenye mali.

"Haijambo," alisema, akaipiga kiki. Ikawaka kwa kukohoa. Akavuta mafuta, na nyuma ukatoka moshi mweusi mzito, ukapanda ukutani. Harufu ya petroli ikanijaa puani.

"Umeona?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Asubuhi haikuwa hivi."

"Asubuhi ulikuwa na fundi? Jicho, huo moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua. Hii inakunywa. Utakuwa unafanya kazi kumlipa mwenye kituo cha mafuta."

Mwalimu alitoka na kadi mkononi, akasimama mlangoni akiutazama moshi. "Haijawahi kufanya hivyo," alisema. "Jamani, haijawahi." Mimi nilimtazama kwa jicho baya. Nilimwona mzee wa watu anayetaka kuniuzia kidonda kilichofungwa shuka. Tukaaga, na wala sikumpa mkono.

Njiani Kaka alinipoza. Akasema kuna nyingine gerejini kwake, nyekundu, ameifunga injini kwa mikono yake mwenyewe. "Hii hainywi mafuta, inanusa tu." Nikacheka. Nikaichukua akiba yangu yote nikamkabidhi, na nyekundu ikawa yangu.

Haki ya Mungu, wiki za mwanzo ilikwenda. Halafu ikaanza kuzima kilimani, pale pale mwinuko unapokuwa mkali, huku magari yananipigia honi na mimi nimeikumbatia isinirudishe bondeni. Nikimpigia simu, Kaka anakuja. Anabadilisha plagi, anasafisha kabureta, anapuliza hapa, anakaza pale. Na mimi namshukuru. Nikimwambia nitaipeleka mwenyewe nyumbani kwake ili nimsalimie na wifi, anasema, "Usijisumbue, dada, nitakuja mimi." Nikaona watu wengine wana kaka wa picha tu, mimi wangu ananifuata mpaka barabarani. Ndivyo alivyonipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikamshikia chupa.

Asubuhi moja ilizima chini ya mlima na ikagoma kabisa. Niliisukuma. Nilipofika kliniki, jasho limenilowesha kama niliyeoga na nguo, nilikuta watu wamezunguka benchi. Mzee mmoja wa sukari alikuwa ameanguka. Alikuwa amesubiri, amesubiri, mpaka njaa ikamwangusha, na kipaji cha uso kikapasuka kwenye pembe ya benchi. Walimshona, alipona. Matroni hakupandisha sauti. Aliniambia tu kwamba mwaka ukiisha, nafasi yangu atapewa mtu anayeishi huku juu. Nikavaa glavu, nikaenda kuwachota damu waliobaki kwenye benchi.

Sasa sikiliza jinsi nilivyojua. Siku chache baadaye kulikuwa na baridi, nikavuta choki ili injini iwake, kama kawaida. Choki ni kile kikono kidogo pembeni ya kabureta, chini ya tangi. Ukikivuta, hewa inapungua na petroli inazidi, injini ya baridi inaamka. Ikishaamka unakirudisha. Siku hiyo mawazo yalikuwa mengi, nikasahau. Nilipovuta mafuta getini, nyuma ukatoka moshi mweusi mzito, ukapanda ukutani. Harufu ikanijaa puani.

Nilibaki nimekaa juu ya pikipiki. Moshi ule niliujua. Nikakirudisha kikono kwa kidole, moshi ukaisha. Nikakivuta, ukarudi. Upande wa kushoto, chini ya tangi, pale pale Kaka alipoingiza mkono huku ametega sikio.

Nilijisemea hapana. Nilijisemea pengine aligusa bila kujua. Fundi aliyezaliwa na spana mkononi aguse choki bila kujua! Hata mimi nilijicheka, kicheko cha mtu aliyemeza mfupa.

Nilipotoka kazini nilikwenda kwa Mwalimu. Nilikwenda kumwomba radhi, na kumuuliza kama pikipiki bado ipo. Chini ya bati palikuwa na shuka tu, limekunjwa vizuri.

"Karibu, mwanangu," alisema, uso umechangamka. "Nilijua ipo siku utapita. Inakwendaje?"

"Nini, Mwalimu?"

"Pikipiki. Kaka yako si aliifuata jioni ile ile? Alisema moshi ule ulikuwa kitu kidogo tu, amekwisha kukigundua, anataka akununulie ya kukushtukiza. Nikasema hapa kuna kaka." Akacheka kidogo. "Nikampa na helmeti ya marehemu mke wangu, ile nyeupe. Kwake ingekuwa ndogo, lakini nikasema dada yake ataihitaji. Vipi, inakutosha?"

Alikuwa ananitazama kwa furaha kabisa. Ningemwambia nini? Kwamba nilimwita mwongo moyoni mwangu, na mwongo nilikuwa nimempakia nyuma ya mgongo wangu?

"Inanitosha, Mwalimu," nilisema. "Ahsante sana."

Kutoka kwa Mwalimu mpaka kwa Kaka nyekundu haikuzima hata mara moja. Shetani naye ana ratiba yake.

Nilimkuta uani amekaa juu ya ndoo, anasafisha cheni. Aliponiona aliinuka haraka mno. "Jicho! Mbona hukupiga simu? Imezima tena?"

"Haikuzima. Nimekuja kumsalimia wifi."

"Hayupo. Kawafuata watoto shuleni."

"Kwa miguu?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama anayejiandaa kula. Na kabla hajamaliza, getini ukasikika mlio ninaoujua, ule wa kuhema polepole. Wifi yangu akaingia na pikipiki ya bluu, watoto wawili nyuma yake na mabegi yao, kitambaa cha kijani kimechungulia kati ya magoti yao. Kichwani amevaa helmeti nyeupe.

"Wifi!" akasema, amefurahi kwelikweli. "Umetutupa. Shukeni, msalimieni shangazi. Basi umeiona? Kaka yako kanichagulia, na huwezi kuamini, mafuta haili kabisa."

"Naamini," nilisema. "Hebu usiizime. Vuta choki."

"Choki ya nini, si ya moto tayari?"

"Vuta tu, wifi yangu."

Aliivuta. Moshi mweusi ukatoka, ukapanda ukuta mweupe wa nyumba yao, watoto wakaziba pua wakicheka. Mimi nilikuwa namtazama Kaka, na Kaka alikuwa anatazama chini. Wifi akairudisha, akaizima, akatutazama sisi wawili.

"Kuna nini?"

"Mwulize mumeo aliichaguaje."

"Alisema wewe uliiona ukaikataa."

"Niliikataa, ndiyo."

Kaka akanivuta pembeni ya ua, karibu na mapipa ya oili. Nilitegemea ataomba msamaha. Nilikuwa tayari, nakwambia kweli, nilikuwa nimeshaanza kumtafutia msamaha huo mahali pa kukaa. Akasema kwa sauti ya chini, ile ile aliyoniuliza nayo kama nimeona moshi:

"Dada, nielewe. Mimi nina watoto. Shule ni mbali, mama yao anachoka. Ile nzuri moja ikipatikana leo, nyingine huipati mwaka mzima. Wewe uko peke yako. Ukichelewa, umechelewa wewe tu."

"Mimi tu."

"Basi si ndivyo? Na nyekundu nilikuwa nakurekebishia, sijakuacha barabarani hata siku moja."

Uchungu ulinipanda mpaka kwenye meno. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi la mkuu nililisikia, neno kwa neno, na guu limevunjika vilevile. Aliniambia niamini macho yangu, kisha akayatilia moshi. Lakini hata hilo ningelimeza. Lililonikwama ni lile alilolisema kama jambo linalojulikana na wote, kwamba siku alipotupima kwenye mizani, upande wangu hakukuwa na mtu. Mama alipolala kitandani miaka ile, mimi ndiye niliyemgeuza na kumlisha, na Kaka akija Jumapili anasema, "Afadhali wewe uko peke yako, unaweza." Kumbe tangu hapo.

"Kazi nimeipoteza," nilimwambia. "Mwaka ukiisha naondoka. Na kuna mzee wa watu ana mshono usoni."

Akakipitisha kitambaa kwenye vidole vyake tena.

Nikarudi katikati ya ua. Wifi alikuwa bado amesimama pale pale, mkono juu ya kiti cha kijani, na nadhani alikuwa ameelewa zaidi ya nusu. Alishika ufunguo, akautazama, akaniangalia. Mtoto mdogo alikuwa amepanda tena, anajifanya anaendesha, anapiga honi kwa mdomo. Ningewezaje kumwambia ashuke? Yeye hakuivuta choki.

"Hiyo helmeti," nilimwambia wifi, "ni yangu. Mwalimu alinipa mimi."

Aliivua mara moja, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akanipa kwa mikono miwili. "Sikujua, wifi," alisema. "Wallahi sikujua."

"Najua."

Nikapanda nyekundu, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kaka alikuwa ameshaokota spana, anakuja, ameinamisha kichwa kwa ile namna yake.

"Ngoja nikuwashie."

"Usiiguse."

Alisimama. Alikuwa hajawahi kunisikia nikisema naye kwa sauti hiyo, na mimi sikujua kama ninayo. Nikashuka, nikashika usukani, nikaanza kuisukuma kuelekea getini, nikampita, nikampita na mtoto anayepiga honi kwa mdomo. Barabarani majirani walikuwa wamekaa vibarazani mwao, wakanitazama: mtu mzima anasukuma pikipiki mbovu kutoka nyumbani kwa fundi. Machozi yalianza kunitoka, na sikutaka wayaone, nikavaa helmeti ya mke wa Mwalimu, nikashusha kioo chake.

Ilinitosha kabisa.