Mwenye Sauti Hajaulizwa

Filamu ya kaka yangu ilizuiwa na kampuni ya kaka yangu. Naandika haya huku nacheka, na simwombi mtu radhi, maana aliyeweka sheria iliyomnasa ni yeye mwenyewe.

Kazi yetu ni kupokea nyimbo na filamu za watu, kuzisambaza mtandaoni, na kuhakikisha kila anayesikilizwa au kutazamwa anapata haki yake. Kaka ndiye mwanzilishi na ndiye bosi. Mimi naongoza dawati la haki, yaani mimi ndiye mshika rungu. Kila wimbo tulionao tumeusajili kwenye mtambo ninaouita Pua, kwa sababu unanusa. Mtu akipakia video yenye wimbo wetu, hata kama ameuficha chini ya makelele ya harusi, Pua inaukamata, video inasimama, na mwenye wimbo anapelekewa ujumbe kwenye simu yake: unaruhusu au huruhusu? Akiruhusu, video inaendelea na mapato ya wimbo yanaingia kwake. Asiporuhusu, basi tena.

Siku Kaka alipoitangaza sheria hiyo alipiga meza. "Hakuna cha undugu hapa! Hata mimi nikikosea, nizuieni!" Tukampigia makofi. Hakuna aliyedhani siku hiyo ingefika, na yeye ndiye aliyedhani kidogo kuliko wote.

Ikafika siku ya uzinduzi wa filamu yake ya kwanza. Miaka yote alikuwa akihangaikia filamu za wenzake huku yake ikilala kabatini kwa kukosa muda. Sasa ukumbi ulikuwa umekodiwa, wageni wamealikwa saa kumi na mbili jioni, na saa hiyohiyo filamu ingefunguliwa mtandaoni dunia nzima iione. Mchana, nimetoka kula, sijakaa hata vizuri, mhariri wake akaja mezani kwangu midomo imemkauka.

"Dada, filamu imezuiwa."

"Na nani?"

"Na sisi."

Nikafungua kompyuta. Pua ilikuwa imeshika sehemu ya katikati, pale mwanamke anapoanika shuka uani huku redio ikiimba dirishani. Sikuhitaji kusikiliza nijue wimbo gani. Ulikuwa wimbo wa Mama.

Mama yetu aliimba zamani, kabla kazi ya kutulea haijammeza. Alirekodi na bendi wimbo mmoja tu, ukapendwa, ukapigwa redioni mpaka watu wakauchoka, kisha wakaupenda upya. Kwenye jalada la santuri pameandikwa jina la kiongozi wa bendi, majina ya wapiga gitaa, hata jina la mpiga picha. La Mama halimo. Pameandikwa "mwimbaji wa kike." Alipouliza, kiongozi alimwambia atulie, watarekebisha toleo lijalo. Toleo lijalo likaja, na mengine yakalifuata, na mwimbaji wa kike akabaki kuwa mwimbaji wa kike. Nilipoanza kazi ya haki, wimbo huo ndio wa kwanza kuushughulikia. Nilikaa na warithi wa kiongozi, wakakubali bila ubishi kwamba usitumike popote bila ridhaa ya Mama. Nikausajili kwa jina lake na kwa namba yake ya simu.

Kaka akatoka ofisini kwake na tai inaning'inia upande mmoja. "Hebu fungua hicho kitu."

"Siwezi. Mwenye kufungua ni Mama."

"Mama? Si wimbo wa kampuni huo?"

"Ni wa Mama."

"Haya, mpigie, mwambie abonyeze tu."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu ili na yeye asikie. Mama akapokea kwa utulivu ambao sisi watoto wake tunaujua na tunauogopa.

"Ujumbe wenu nimeuona," akasema. "Unasema kuna mtu ametumia wimbo wangu bila ruhusa. Nimekaa hapa namsubiri huyo mtu."

Kaka akainama kwenye simu. "Mama, ni mimi."

"Ahaa. Basi huyo mtu njia ya kwangu anaijua." Akakata simu.

Tukaenda. Nyumbani si mbali, lakini Kaka aliendesha gari kama vile barabara ni ya kwake peke yake. Tulimkuta Mama amekaa sebuleni, ameshavaa gauni lake la uzinduzi na viatu vyake vya kutokea, simu imelala mezani mbele yake.

"Shikamoo, Mama," Kaka akasema.

"Marahaba, baba. Kaa."

"Mama, hatuna muda wa kukaa, wageni..."

"Mnatangaza kila siku kwamba kwenu mtu haruhusu asichokisikia. Au hilo ni la wateja tu?"

Ni kweli, huo ndio utaratibu wetu. Kaka akafungua kompyuta, akamvisha hedifoni. Mama akatazama yule mwanamke akianika shuka. Wimbo ulipoanza, midomo yake ikacheza pamoja nao bila kutoa sauti, na mguu wake ukahesabu mapigo chini ya meza. Pale wapiga gitaa wanaponyamaza na sauti yake kubaki peke yake, akafumba macho. Mimi machozi yalinilenga, sifichi. Huyo ndiye mama yangu, na mtambo wangu ulikuwa umeisimamisha kazi ya bosi kwa ajili yake.

Nilidhani ataishia hapo. Hapana. Akapeleka filamu mbele mwenyewe, mpaka kwenye majina ya mwisho. Akasoma ya waigizaji, ya mafundi, ya dereva. Halafu akafika kwenye mstari uliosema: "Wimbo: kwa hisani ya familia."

Akavua hedifoni taratibu.

"Familia ndiyo iliyoimba?"

"Mama jamani, si ni sisi sote? Chako si ndicho chetu?"

"Siku ile studio ulikuwa tumboni, hilo sikatai. Tena ulinipiga teke nikapoteza ubeti, ikabidi turudie. Lakini hukuimba."

Nikajiuma mdomo nisicheke. Kaka hakucheka. Alitazama saa yake, akajifuta jasho. "Nitarekebisha, Mama. Kesho asubuhi, kitu cha kwanza kabisa. Leo bonyeza tu, halafu..."

Alijisikia mwenyewe anachosema. Hadithi ya toleo lijalo tumekua nayo, tunaijua kuliko tunavyojua hadithi za shule. Mama alinyoosha tu kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi.

Kuandika jina upya maana yake filamu iondolewe yote, itengenezwe na kupakiwa tena, na ukumbi mzima wa watu ungekaa unatazama pazia. Kulikuwa na watu mle waliokuwa wanasubiri kwa hamu kaka yangu aharibikiwe. Nilimwona akilipima hilo. Kisha akachukua simu, akampigia mhariri.

"Futa hayo ya hisani ya familia. Andika majina ya Mama, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Yaweke mwisho, na mwanzo pia. Ndiyo, najua tutachelewa. Wageni waambie tulisahau kuandika jina la mwimbaji. Sema hivyohivyo. Usisingizie umeme."

Nimeshamwona kaka yangu akishika tuzo na kupeana mikono na wakubwa, nikapiga makofi kwa adabu. Siku hiyo pale sebuleni, tai imempinda na jasho linamtoka, ndipo nilipojivunia kuzaliwa naye tumbo moja.

Tukasubiri. Saa kumi na mbili ikaja, ikapita. Hatimaye mhariri akapandisha filamu mpya, Pua ikanusa, ikakamata tena, na simu ya Mama ikalia pale mezani.

Kaka akavuta kigoda, akakaa chini kuliko Mama. "Mama, naomba kutumia wimbo wako kwenye filamu yangu. Unaruhusu?"

Mama akavaa miwani, akaisoma simu, akaiweka chini.

"Uliza tena."

"Mama?"

"Wimbo huu umepigwa mpaka kwenye matangazo ya sabuni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Uliza tena, nisikie vizuri."

Kaka akasafisha koo. Akamwita kwa majina yake yote matatu, kama mtu anayebisha hodi kwa mara ya kwanza, akaomba upya, taratibu, tangu mwanzo. Mama akamwacha amalize. Ndipo akabonyeza.

Kisha akainuka, akachukua mkoba wake na kujitazama kidogo kwenye kioo cha mlangoni.

"Haya, twendeni," akasema. "Wageni wangu wananingoja."