Vibao vya Mtihani

Rangi nyeusi ilikuwa imebaki ya kulamba tu. Nkuba aliinamisha kopo, akadondoshea mafuta ya taa, akakoroga kwa kijiti huku upepo wa Juni wa Iringa ukimchapa mgongoni. Alikuwa amechuchumaa kwenye ua wa ofisi ya Mradi wa Vibao, ule wa kuandika majina ya vijiji barabarani, tangu asubuhi, hajatia kitu tumboni. Vibao saba vilikwisha. Cha nane kilikuwa kimebakiza neno moja.

Ndugu Bartholomeo, afisa utumishi, alitoka akichokoa meno.

"Bado tu, ndugu?"

"Namalizia, mzee. Rangi ndiyo inanitupa mkono."

"Mtihani ni mtihani. Tulisema kila mwombaji aje na rangi yake."

Mtihani, eti! Waombaji watano, vibao vinane kila mtu, na nafasi moja: mchoraji wa mradi, ajira ya kudumu. Nkuba hakuwa mjinga, aliuona ujanja wao. Lakini angefanyaje? Kule Chimala alikuwa akiwaandikia wenye maduka, wenye hoteli, mpaka kinyozi. Ikaja amri maduka ya watu binafsi yafungwe, libaki la ushirika peke yake. Duka moja, kibao kimoja, naye alikiandika kwa siku moja. Tangu hapo akakaa. Ufundi alikuwa nao, tena si wa kubabaisha, ila wa kumwandikia hakuwepo isipokuwa serikali.

Baba yake, mzee Ngolo, alitoa dume zizini likauzwa, zikapatikana rangi za magendo.

"Nenda, mwanangu," mzee alimwambia. "Ila ujue, hapa hakuna dume jingine."

Nkuba akamaliza. Nyuma ya kila kibao akaandika kwa herufi ndogo, kama alivyozoea: Nkuba, Chimala. Ndivyo wateja walivyokuwa wakimpata.

Wiki ya tatu akaitwa kusikiliza matokeo.

"Kazi yako safi sana, ndugu," alisema Bartholomeo. "Kamati nzima imekusifu."

Nkuba alishamwona mkewe Roza akipokea habari.

"Ila nafasi amepata Antoni."

"Antoni yupi? Uani tulikuwa watano, hakuwepo Antoni."

"Alifanyia mtihani nyumbani kwa Mkurugenzi. Ni mjomba wake."

Alisema hivyo bila hata kupepesa macho, shenzi yule!

"Basi nipeni vibao vyangu."

"Vyako? Mbao za nani?"

"Na rangi ya nani, mzee?"

"Ndugu, usituletee ubepari hapa," alisema Bartholomeo, akafungua faili jingine.

Siku hiyo hiyo Nkuba alidandia lori la kurudi Chimala. Lilipunguza mwendo Nyololo, likasimama. Pale kando ya barabara, juu ya nguzo mbili mpya, kilisimama kibao chake: NYOLOLO, ENDESHA POLEPOLE. Saruji ya nguzo ilikuwa imekauka siku nyingi. Kumbe walikisimika zamani, kabla hata hawajamwita kumdanganya kwamba kamati imekaa! Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Aliruka chini, akakikumbatia kibao, akakivuta mpaka misumari ikang'oka. Ubao ukapasuka kati.

Mgambo wawili walikuja mbio.

"Ni changu!" Nkuba alipiga kelele. "Geuzeni, nyuma kuna jina langu!"

Wakageuza. Nyuma palikuwa pamepakwa lami nene, pembe hadi pembe.

"Lami ya kuzuia mchwa," alisema mgambo mmoja, akamkunja mkono.

Hakimu hakupoteza muda.

"Kazi yako?"

"Mchora vibao."

"Umeajiriwa wapi?"

"Sijaajiriwa, mheshimiwa."

"Basi huna kazi. Unazurura na kuvunja mali ya umma. Miezi sita."

Mwezi ulikuwa haujaisha askari jela alipomwita mbele ya wafungwa wenzake. Mradi umeomba mtu wa kuandika, alisema, na wewe tunaambiwa una mkono. Wakampeleka Nyololo kukiandika upya kile alichokivunja, kesho yake kingine, keshokutwa kingine. Aliandika amevaa nguo za kifungo, askari na bunduki nyuma yake. Walikuwa wamempa kila kitu, rangi, brashi, ngazi, vile vyote alivyouomba mradi kwa barua tatu akiwa mtu huru.

Ijumaa ikaja Landrova ya mradi. Akashuka kijana mwenye shati jeupe, vidole visafi. Ndiye Antoni. Alizitazama herufi kwa muda.

"Hii nafasi kati ya herufi na herufi, unaipimaje?"

Nkuba alichovya brashi. Alijua akifungua mdomo atatukana, na askari alikuwa karibu.

"Haya, siyo lazima," alisema Antoni. Akatoa karatasi yenye kazi za mwezi za mchoraji wa mradi, akaandika vibao tisa, akatia sahihi yake. Alipokuwa akifunga kalamu akakumbuka jambo.

"Kifungo chako kinaisha lini?"

"Desemba."

"Desemba?" Antoni alikunja uso, akaanza kuhesabu kwa vidole vijiji vilivyobaki, vikamshinda. "Loo, haiwezekani! Kazi ipo tele hapa, bwana. Ngoja nikaongee na mjomba waone watakavyokiongeza hicho kifungo."

Akapanda gari. Askari akamwambia Nkuba aendelee.