Mkono wa Ndani

Landrova ya marehemu mzee Mustafa ilifika gerejini kwa Twalibu ikipiga kelele ubavuni kama debe tupu. Aliyeiendesha alikuwa Rashidi, mtoto mkubwa wa mzee huyo, na hakuwa na haja ya kueleza. Ubavu wa kulia, kuanzia nyuma ya mlango hadi kwenye taa, ulikuwa umebonyea, ukavimba, ukabonyea tena. Rashidi aligonga ukuta akirudi nyuma, akaipeleka kwa fundi wa karibu na kwake, na huyo fundi, Mungu amsamehe, akalishukia bati kwa nyundo ya chuma kana kwamba anaua nyoka.

Twalibu aliupapasa ubavu kwa kiganja cha kushoto, macho ameyafumba, kama alivyofundishwa na baba yake. Bati la Landrova za zamani ni la aluminiamu, laini, halitaki ubabe. Ukilipiga ovyo linatanuka, na likishatanuka halina pa kwenda. Ukilisukuma huku, linachomoza kule. Siku hizi dawa ya vijana ni kukandika pati nene, kupiga msasa na kupuliza rangi, halafu gari likifika Igalula kwa njia ya vumbi, nusu ya ubavu imebaki barabarani. Rashidi hakutaka kusikia habari za pati. Kwa gari hilo baba yake alizunguka misitu yote hadi Kaliua akinunua asali na nta, na yeye alitaka bati lile lile lirudi lilivyokuwa.

"Litarudi," Twalibu akasema, "ila siliwezi peke yangu. Kamlete Mama Shamila."

Rashidi alimkazia macho. Mama Shamila ni Mwanahawa, dada yake, aliyekuwa mke wa Twalibu miaka mingi mpaka jioni moja ya hasira alipopewa talaka. Twalibu alijuta mapema, lakini kiburi kilimkalia kooni hadi eda ikaisha. Tangu hapo Mwanahawa anaishi Itetemia na kulima karanga na mpunga wake. Mara mbili Twalibu alituma wazee wakamposee upya, na mara mbili Mwanahawa aliwaandalia chai, akawashukuru kwa kuja, akakataa. Sababu hakuitaja. Na Twalibu hakuwa na kitu kingine alichokitaka duniani zaidi ya mwanamke yule kurudi nyumbani.

Kwa hiyo kisingizio kilikuwamo, sikatai. Lakini kazi nayo ilikuwa ya kweli. Ubavu mpana kama ule unataka watu wawili: mmoja nje na nyundo ya mti, mwingine ndani na chuma kizito cha kuipokea. Wa ndani haioni nyundo. Anaifuata kwa sikio na kwa mtetemo wa bati, na chuma kikichelewa kidogo tu, nyundo inachimba shimo jipya. Vijana wa Twalibu walikishika chuma kile kama wameshika sahani ya ubwabwa.

Mwanahawa aliianza kazi hiyo walipokuwa bado maharusi. Msaidizi wa Twalibu alikuwa ametorokea kwenye dhahabu, na basi lililochanika ubavu limekaa uwanjani, mwenyewe anafoka. Mwanahawa alikuwa ameleta chakula cha mchana. Akatua kapu, akajifunga kibwebwe, akaingia ndani ya basi na kuuliza chuma kinashikwaje. Mtaa ukapata la kusema: mke wa Twalibu anashinda kwenye magrisi. Maneno yakaisha yenyewe, maana magari yalianza kuja kutoka Nzega, Mpanda, hata Kigoma, wenyewe wakiuliza kwa yule fundi mwenye mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa Tabora ya Twalibu. Malori ya tumbaku na Landrova za misheni zilipanga foleni kwenye njia ile ile ya Ujiji waliyopita wapagazi na pembe zao za ndovu, na jioni mume na mke walifunga gereji wakarudi nyumbani wananuka sabuni na vumbi la bati. Akiyakumbuka hayo, Twalibu hujikuta anatabasamu peke yake, halafu roho inamuuma.

Mwanahawa alikuja kesho yake kwa bodaboda, amevaa dera kuukuu na kujifunga kilemba. Vijana wakampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kwenye Landrova na kuweka mkono kwenye boneti. Alimwambia Twalibu kwamba amekuja kwa ajili ya gari la baba yake, asije akaelewa vingine. Kisha akaingia nyuma, akaomba chuma.

Twalibu alisugua kipande cha sabuni ya mche mahali bati lilipovimba, akapitisha moto juu yake. Aluminiamu haikuonyi kwa kuwa nyekundu, inayeyuka tu. Sabuni ndiyo inayosema. Ilipogeuka kahawia aliondoa moto, akagonga kwa nyundo ya mninga kuzunguka uvimbe, akabandika kitambaa cha maji. Bati likalia, likanywea kidogo.

"Bado," ikatoka sauti ndani.

Akarudia. Chuma kilikuwa pale pale nyundo inapotua, kila mara, kana kwamba haikupita hata siku moja tangu walipoachana. Wakaenda hivyo, sabuni, moto, nyundo, maji, mpaka jua likawa utosini na ule ubavu ukaacha kupiga kelele. Twalibu alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka. Furaha hiyo ndiyo iliyomfungua mdomo. Ana kwa ana asingethubutu, lakini kati yao palikuwa na bati.

"Mama Shamila, rudi nyumbani."

Twalibu alidhani hakusikiwa, akataka kurudia.

"Watu walipokusifu mbele yangu," Mwanahawa akasema, "ulikuwa unajibu nini?"

Twalibu alifikiri. Alikuwa anajibu alhamdulillahi. Anaweka mkono kifuani, anainamisha kichwa, na mkewe yuko pale pale nyuma yake anafuta chuma.

"Talaka nilishaisamehe," sauti ikaendelea, bila ukali. "Ile uliitoa na hasira. Hili la kila siku ulilifanya umetulia."

Twalibu aliokota nyundo, akamalizia pembe iliyobaki, na Mwanahawa akaipokea nyundo kama kawaida.

Alasiri Rashidi alikuja kutazama. Alipitisha kiganja ubavuni kuanzia mlangoni hadi kwenye taa, akarudia, macho yakamlengalenga kwa ajili ya baba yake. Akamgeukia Twalibu na kumwambia, shemeji, mkono wako haujazeeka.

Alhamdulillahi ilikuwa tayari ulimini, kwa mazoea tu. Twalibu akaimeza.

"Mkono ni wa dada yako," akasema. "Wa gari hili, na wa yote uliyowahi kunisifia. Yeye ndiye alikuwa ananionyesha pa kugonga."

Rashidi akacheka, akidhani shemejiye anabembeleza ndoa. Vijana nao wakacheka. Twalibu hakucheka. Aliwageukia vijana akawaambia tena, taratibu, neno kwa neno, mpaka kicheko kikaisha.

Mwanahawa alishuka kinyumenyume, magoti yamejaa vumbi. Alimtazama Twalibu, uso wake umelainika.

"Kwa ndoa umechelewa, Baba Shamila," akasema. "Kwa kazi hujachelewa."

Akakifuta chuma kwa pindo la dera, na badala ya kumrudishia akakitia kwenye mkoba wake mwenyewe. Akaonyesha kwa kidevu basi la Mpanda lililoegeshwa uani, akasema ubavu wake umeharibika vibaya na atakuja Jumamosi, wasiliguse. Kisha akapanda Landrova ya baba yake, Rashidi akaitoa, na ikaenda kimya kabisa.

Twalibu alibaki amesimama. Alitaka mke wa kukaa naye barazani jioni, na huyo hampati tena. Lilimuuma, akalia kidogo akijifanya anafuta jasho. Punde mwenye basi akafika na haraka zake, akitaka kujua kwa nini kazi haijaanza. Twalibu akamwambia asubiri, fundi anakuja Jumamosi.