Kahawa ya Siku ya Mapokezi

Asubuhi ya mafunzo Eustadia alipiga pasi sketi yake ya bluu, akanywa uji wa ulezi, kisha akamwomba mama yake amfunikie mche wa kahawa ulioota kiganjani mwake. Mama alitumia kipande cha kanga ya zamani. Aliufunga kwa fundo legelege kwenye kifundo cha mkono ili vumbi la njiani lisikaushe majani.

"Umeumwagilia?"

"Nimeumwagilia, mama."

"Basi nenda salama. Mzee Rugemalira nisalimie."

Mche ulikuwa umeota katikati ya kiganja cha kulia, pale mistari inapokutana, na sasa ulikuwa mrefu kama mwiko. Dereva wa pikipiki aliyempeleka mjini Kayanga alimwomba ajishikilie kwa mkono wa kushoto tu. Alisema Mama Vero wa kijijini kwao alikatikiwa tawi la mche wake kwenye kona ya Kihanga, akamlalamikia njia nzima kana kwamba kona aliichimba yeye.

Miche hiyo ilianza baada ya zahanati ya kijiji cha Omurukindo kupokea mabati ya wodi ya wazazi. Kamati ya mapokezi ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Rugemalira, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Mama Vero alikuwa mjumbe kwa sababu hakuna kikao kijijini kilichowahi kufanyika bila yeye. Eustadia alikuwa mtaalamu. Alikuwa mzaliwa wa kijiji hicho hicho, amesomea ununuzi chuoni, na ofisi ya wilaya ilimtuma ahakikishe kwamba kilicholetwa ndicho kilichoandikwa kwenye mkataba.

Novatus, mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyeshinda zabuni, alikuja na lori yeye mwenyewe. Kabla ya mtu kugusa bati, alitoa kikapu kidogo chenye mfuniko na kumpa kila mjumbe kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa vizuri. Huko watu hawaanzi mazungumzo ya maana kabla ya kutafuna kahawa. Zamani wawili waliotaka kuwa ndugu walitafuna tunda moja, punje hii kwa huyu na punje ile kwa yule, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumshtaki mwenzake popote. Siku hizi inasemekana ni adabu tu.

Eustadia alipokea kwa mkono wa kulia, akapiga goti kidogo, akatia mdomoni. Halafu akaenda kwenye lori na kubonyeza bati la juu kwa kidole gumba. Lilibonyea kama kifuniko cha kopo. Kipimo cha unene kilikuwa kwenye begi lake, lakini hakukihitaji. Alirudi alipokaa mwenyekiti, akainama.

"Mzee, hili si la kwenye mkataba. Tuliandika geji ishirini na nane. Hili ni jembamba sana. Upepo wa huku utalirarua kwenye misumari."

Mzee Rugemalira alimtazama mdomoni.

"Mwanangu, utampimiaje mtu bati wakati kahawa yake bado unaitafuna?"

"Ateme basi, halafu apime," alisema Mama Vero, akacheka.

"Msimtishe dada Eustadia," alisema Novatus kutoka kwenye lori. "Ana haya kama bibi harusi. Akitaka kupima, apime, mimi sina neno."

Wote wakamsubiri. Kutema kahawa ya mtu mbele yake ni tusi, na Eustadia hakuwahi kumtukana mtu. Alimeza. Mzee Rugemalira akatia saini, Mama Vero akatia saini, na yeye akatia ya mwisho, kwenye mstari wa mtaalamu.

Kabla wodi haijamaliza kuezekwa, viganja vyao vilianza kuwasha, kisha vikapasuka taratibu na kutoa majani mawili mawili. Nesi wa zahanati, Ankunda, alisema wasing'oe kwa sababu mizizi imekwenda kwenye kifundo. Bwana shamba alikuja akiwa na mkasi wake. Alisema kahawa iliyochemshwa haioti, akaitazama mikono ile mitatu, na hakulirudia neno hilo. Alisema ni miche mizuri, haina mnyauko, na itazaa mapema kuliko ya shambani kwa sababu mkono una joto. Aliwafundisha kupogoa. Novatus hakuota kitu. Mtoaji haoti, alieleza bwana shamba, anaota mpokeaji.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wenye madirisha makubwa, na mabango ukutani yalisema ni mafunzo ya ununuzi, uendeshaji wa zabuni na usimamizi wa gharama za miradi. Mkufunzi aliitwa Bwana Projestus, ametoka Mwanza, mtu mpole mwenye tai fupi. Alipoingia aliwaona watu wa kamati za Karagwe na Kyerwa wamekaa, wengi wao wakiwa wamefungua vitambaa ili majani yapumue.

"Wenye miche sogeeni upande wa dirisha, mpate mwanga," alisema. "Msione haya. Mwanza wenzenu wanaota magamba ya sangara mpaka shingoni, na mtihani wanafaulu vizuri."

Akaanza kufundisha, na alifundisha vizuri. Alieleza jinsi ya kuandika mahitaji, jinsi ya kulinganisha bei bila kudanganywa na bei ndogo, na kwa nini gharama ya jengo haiishii siku ya kukata utepe. Eustadia aliandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye mgongano wa maslahi, Bwana Projestus aliwaomba wanyooshe mkono wale wenye uhusiano na mzabuni yeyote, uwe wa damu, wa ndoa au wa biashara.

Hakuna aliyenyoosha. Kahawa haikutajwa.

Wakati huo maua ya miche yalifunguka. Yalifunguka yote kwa pamoja, meupe, kama kahawa inavyofanya shambani baada ya mvua ya kwanza, na harufu yake tamu ikajaa ukumbi mzima. Nyuki wakaingia kwa madirisha. Eustadia aliuficha mkono chini ya meza, lakini nyuki wakamfuata huko huko. Bwana Projestus aliomba mlango ufunguliwe, akaendelea.

Baada ya hapo alionyesha picha ukutani. Ilikuwa wodi ya wazazi ya Omurukindo, paa likimetameta juani.

"Huu ndio mfano wetu," alisema. "Umekamilika kwa wakati na ndani ya gharama, na salio limebaki. Kamati ya mapokezi ya mradi huu ipo hapa? Simameni mwonekane."

Mzee Rugemalira alisimama, akarekebisha koti. Mama Vero alisimama. Eustadia alisimama baada ya Mama Vero kumvuta sketi. Ukumbi ulitaka kupiga makofi, lakini wenye miche hawakuweza kukutanisha viganja, kwa hiyo wakatikisa mikono, na ikasikika sauti ya majani kama kibanja cha migomba na kahawa kinachopitiwa na upepo. Eustadia alitazama sakafu. Masikio yake yaliwaka moto.

Wakati wa chai alimfuata mkufunzi alipokuwa peke yake na andazi lake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti."

"Nilitaka kuuliza. Mtu akiwa amepokea bati ambalo silo, afanye nini?"

"Alikatae kabla hajapokea."

"Ameshapokea."

"Limeezekwa?"

"Limeezekwa."

Bwana Projestus alitafuna, akafikiri kwa haki kabisa. "Basi sasa si bidhaa tena, ni jengo. Jengo linaingia kwenye ukarabati, na ukarabati unasubiri bajeti." Aliutazama mkono wa Eustadia kwa huruma. "Hayo matawi ya chini yapogoe, yanakunyonya bure."

Jioni matokeo ya jaribio yalisomwa. Eustadia aliongoza ukumbi mzima, na katika mada ya ukaguzi na mapokezi ya bidhaa alipata alama zote. Alipewa cheti, akakipokea kwa mkono wa kushoto.

Mvua kubwa ziliwahi mwaka ule. Upepo ulikuja wa kwanza, ukalishika paa la wodi na kulirarua kwenye misumari, mahali hapa na pale, kama mtu anayefumua pindo. Watu wa Omurukindo walileta mabeseni. Mabeseni yalipojaa, walileta masufuria.

Kobusingye, mke wa kaka yake Eustadia, alishikwa na uchungu mchana wa mvua, kaka akiwa malishoni Kyerwa na ng'ombe wa tajiri wake. Eustadia ndiye aliyempeleka wodini. Nesi Ankunda alisogeza kitanda ukutani, akakisogeza dirishani, akakirudisha katikati. Hapakuwa na mahali pakavu.

"Shika mwavuli," alimwambia Eustadia. "Usimame upande wa kichwa, usiniguse mkono."

Eustadia alishika mwavuli kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka kifuani. Maua yalikuwa yamekwisha dondoka na matunda yalikuwa mekundu, yamesongamana hadi kwenye vidole. Maji yalipiga mwavuli, yakateremka kwenye kingo, yakaingia kwenye godoro upande wa miguu. Mikunjo ya uso wa Kobusingye ilikuja na kuondoka.

"Wifi," alisema Kobusingye katikati ya pumzi, "mbona unalia wewe? Anayezaa ni mimi."

"Ni mvua."

"Mvua ya chumvi?"

Eustadia aliusawazisha mwavuli. Halafu akasema, "Haya mabati niliyapokea mimi."

"Najua. Kijiji kizima tunajua. Ninyanyulie mgongo."

Alimnyanyulia mgongo kwa kiwiko, mwavuli ukayumba, na mtoto akatoka. Tone la paa lilimfikia usoni kabla ya kitambaa. Alikuwa wa kiume, mzito, mwenye sauti. Nesi Ankunda alimfuta, akamfunika, akamsogeza chini ya mwavuli, na Eustadia akaendelea kusimama hivyo hivyo mpaka bega likafa ganzi. Hakuna aliyemwambia atoke. Hakuna aliyemsema vibaya. Aliomba moyoni angalau Kobusingye amtukane, lakini Kobusingye alilala.

Siku ya kuja kumwona mtoto, nyumba ilijaa. Mama alipika ndizi na maharage, akachuma matunda ya mkononi mwa Eustadia, maana yangeiva kupita kiasi, akayachemsha na majani ya kunukia na kuyakausha juu ya jiko. Yalikuwa mazuri. Mzee Rugemalira, ambaye yake yalikuwa bado mabichi, aliyasifu mara mbili.

Novatus alikuja pia, na kitenge cha mama mtoto na sukari. Alimbeba mtoto bila kuogopa, akamwimbia kidogo. Mama alimwita Eustadia amkaribishe mgeni. Eustadia alichukua kikapu, akapiga goti, akampa kahawa iliyoota kiganjani mwake.

Novatus alitafuna huku amefumba macho.

"Kahawa hii ni ya wapi, dada?"

"Ya hapa hapa."

"Tamu kweli." Alimrudishia Kobusingye mtoto wake. "Nimesikia nimeshinda na ile zabuni ya madarasa ya shule. Na mapokezi mmepangwa nyinyi wale wale."

"Ndiyo," alisema Eustadia.

"Afadhali. Watu tunaojuana."

Nje mvua ilianza tena. Kutoka zahanati, ng'ambo ya kibanja, ilisikika milio ya masufuria. Watu waliongeza sauti kidogo ili wasikilizane. Novatus alitoa kikapu chake mfukoni mwa koti, kile kidogo chenye mfuniko, kwa sababu aliyepewa kahawa hutoa naye, akamnyooshea Eustadia.

Mama yake alikuwa anatazama. Mzee Rugemalira alikuwa anatazama. Mkono wa kulia ulikuwa umejaa matawi, hata tunda moja lisingepata pa kukaa. Eustadia alinyoosha wa kushoto, akaomba radhi kwa kutoa wa kushoto.

"Hamna shida, dada," alisema Novatus, akamwekea katikati ya kiganja.