Mgeni wa Hajati Wadha

Kwa mujibu wa simu yangu, Namba Tisa alikufa saa mbili asubuhi. Mkanda wake wa shingoni una kihisi. Usipotikisika kwa saa kumi na mbili, kinaleta ujumbe wa kifo. Mbuzi huyu wa majabalini ndiye pekee aliyebaki na mkanda kati ya kumi tuliowavisha na kuwaachilia. Bila yeye, utafiti wangu wa miaka miwili ni kwaheri. Nilipanda bonde la Feynan huku naendesha na kulia, mambo mawili yasiyopatana kabisa.

Alama kwenye ramani ilinifikisha hemani kwa Hajati Wadha. Mkanda ulining'inia nguzoni, umekatwa kwa kisu.

"Hajati, mnyama yuko wapi? Mmemla?"

"Mdomo wako huo, binti Mufleh! Jana magharibi kakimbizwa na mbwa, kaingia humu. Ni mgeni. Na mgeni wangu havai kamba shingoni kama mwizi. Hebu kaa, unywe kahawa."

Yu hai! Nilicheka kama mwehu. Kisha nikafanya ujanja: nikapokea kikombe, nikakiweka chini bila kuonja. Kwetu jangwani, mgeni akifanya hivyo ana haja, na mwenyeji akimnyima, aibu itamfuata hadi kwa wajukuu. Garini nilikuwa na mkanda wa akiba.

Hajati alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Alijua ninachotaka.

"Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyemlea mama yako, leo wanitega kwa kahawa yangu mwenyewe?" Akakisukuma kikombe kwangu. "Haya, kunywa. Umepata. Sema sasa."

Nyuma yake pazia lilikuwa wazi kidogo. Namba Tisa alikuwa amelala, anamlamba mtoto ambaye hata hajakauka. Miaka miwili nilimjua kama nukta kwenye ramani. Sikujua kuwa ana kovu puani. Kumvisha mkanda kungetaka wanaume watatu na kamba, na angeponyoka kwa hofu asirudi tena kwa mwanawe.

Nikanywa. Kahawa ilikuwa imeshapoa.

"Nataka siku tatu, Hajati. Nikae hapa, nimtazame kwa macho yangu."

"Na ya nne?"

Iliniuma kusema, lakini nilisema.

"Ya nne aende zake, bila mkanda."