Kidole Ndani ya Soksi

Houda aliukuta mfupa kwenye sanduku la spana za mumewe, akitafuta bisibisi ya kukazia mkono wa sufuria. Mweusi, mzito kama jiwe, mnene kuliko kidole gumba cha mtu mzima. Na ulikuwa umetiwa ndani ya soksi ya mtoto mchanga.

Akaketi palepale sakafuni, mkono tumboni. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba, na Houda alishapiga marufuku: kitu cha mtoto kisiingie ndani kabla mtoto mwenyewe hajalia. Wengi hapa mtaani Buyenzi hufuata desturi hiyo, lakini yeye aliishikilia kufa na kupona. Hata shangazi yake aliyeleta kofia ya sufu alirudishwa nayo mlangoni.

Sasa nani huyu anayeficha mfupa kwenye soksi ya mtoto? Wiki hizi Jaffar alikuwa akitabasamu peke yake, na Houda akiingia ananyamaza. Basi ana mwanamke, na mwanamke huyo ndiye anayemmalizia watoto kwa uchawi.

Jaffar aliporudi kutoka garaji kula cha mchana, alikuta soksi kando ya sahani ya wali.

“Hii ni nini?”

Akaacha kutafuna. “Kidole cha mguu cha munyama wa zamani sana, dinosaria. Alifanana na mbuni. Alinipa Espoir, ule kiliya wangu, muteja wa Kanada, nilimutengenezea moteri.”

“Mbuni wa jiwe.”

“Walahi, Houda. Miaka mingi ndiyo imemugeuza jiwe.”

Uongo gani huu jamani. Si angesema tu ni jino la ng'ombe?

“Kama ni zawadi, mbona uliificha?”

Jaffar akainamia sahani, akachambua wali. Hilo lilimtosha Houda. Akautoa mfupa, akaenda nao chooni uani, akautumbukiza shimoni. Akarudi na soksi tupu.

“Ule mwanamuke ni nani?”

“Mwanamuke gani?” Jaffar akaisukuma sahani kando. “Ilikuwa ya mutoto. Nilitaka siku akizaliwa nikupe soksi, uivute, ukute kidole kiko tayari ndani. Ucheke. Tangu ile mimba ya kwanza hujacheka.”

“Sasa kwa nini hukuniambia?”

“Si we ulikataza.”

Aibu ilimpanda Houda mpaka masikioni. Akaikunja ile soksi, akairudisha chini ya spana, alipoikuta. Kisha akachukua sahani ya mumewe akampashie wali, maana ulikuwa umeshapoa.