Samaki wa Ziwa Dogo

Mvua ilipokatika asubuhi, mtunza ziwa alivaa mabuti ya mpira, akachukua beseni, chumvi na wavu wa mkono, akateremka ukingoni kuwaangalia wagonjwa wake. Maji ya mto yalikuwa yamevuka tuta tena. Ziwa la klabu ya wavuvi wa ndoano lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na perege walijaa juu juu, midomo wazi, wakitweta. Alimnasa mmoja, akamgeuza. Ubavuni alikuwa na kidonda chekundu, kikubwa kama kifungo cha koti. Akamlaza kwenye maji ya chumvi.

"Vumilia kidogo, baba," alimwambia, kama alivyowaambia wote.

Zamani mafuriko hayakuwa msiba. Kando ya ziwa kubwa palikuwa na ziwa dogo lenye matete. Maji yakizidi huku yalihamia kule, yakatulia, yakarudi taratibu yakiwa safi. Samaki wadhaifu walikwenda huko wenyewe, kama watu wanavyokwenda kwa bibi yao kupumzika. Hapo ndipo baba yake, aliyelitunza ziwa kabla yake, alipowafundisha yeye, bintiye mdogo, na kaka yake kufunga ndoano, watoto wakiwa wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa. Kaka hakuwa na subira. Aliuvuta mshipi kabla samaki hajaonja chambo. Baba alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Kisha kaka akawa mwenyekiti wa klabu, na ziwa dogo likafukiwa. Pakajengwa ukumbi wa sherehe, na mbele yake uwanja wa kuegesha magari. Tangu hapo maji yakipanda hayana pa kwenda, ila nyumba za mtaa wa chini, ambako watu hupandisha magodoro juu ya meza.

Mtunza ziwa alipoinua macho, perege walikuwa wanatoka majini. Walipita juu ya tuta kwa kimo cha goti, wakavuka njia, wakaingia uwanja wa magari. Hapo walipanda hadi kimo cha kifua, wakatawanyika hewani. Kulikuwa na mstari wasiouvuka. Akaufuata kwa miguu, akautambua: ulikuwa ukingo wa ziwa dogo. Karibu na mlango wa ukumbi samaki walipinda huku na huku, wakipenya katikati ya matete ambayo hayakuwepo. Yule wa kwenye beseni naye aliruka, akawafuata wenzake.

Daktari wa samaki alifika na mkoba wake. Alimshika perege mmoja juu ya boneti ya gari, akamfunua matamvua.

"Anapumua vizuri," alisema. "Wasitiwe dawa."

"Na vidonda?"

"Vinafunga. Hapa panawafaa. Waambie tu wenye magari wasipige honi."

Wazee wa klabu walileta viti, wakatega mishipi katikati ya magari, na waliowanasa wakawaachia. Walizungumza kwa sauti ya chini, kama enzi zile. Mmoja alisema hata harufu ya matete imerudi, na wenziwe wakaitikia kwamba kweli imerudi.

Alasiri akaja mwenyekiti. Gari aliliacha nje ya geti. Alisimama katikati ya uwanja, kambare mzee akapita polepole kati ya miguu yake.

"Hapa ndipo alipokaa baba," alisema.

"Hapana, kaka. Hapo ulikaa wewe. Baba alikaa huku, upande wa jua, ili kivuli chake kikufunike."

Kaka alivua koti, akaomba mshipi, akaketi. Perege alipoukaribia tu, akavuta. Ndoano ikarudi tupu. Dada yake aliangua kicheko, naye akacheka, wakacheka hadi wakafutana machozi, watu wazima na mvi zao.

"Tulichimbue, kaka," dada alisema walipotulia. "Hata nusu yake. Kule chini maji yamefika madirishani."

"Lakini samaki si wanapona?"

"Wanapona."

"Basi Mungu ametusaidia. Harusi zimeshapangwa, mdogo wangu. Na kamati imeshakata shauri: tunafukia na yale matete yaliyobaki nyuma ya ukumbi, magari hayana nafasi."

"Na watu wa kule chini?"

"Watazoea." Alisema kwa upole kabisa, mkono begani mwa dada yake, kama anayemfunika mtoto shuka. "Mbona samaki wamezoea?"

Dada aliutazama ule mkono. Ulikuwa mkono wa baba mtupu, hadi kucha. Akashindwa kuusukuma.

Harusi ziliendelea. Mabibi harusi walizishika shela zao zisiwanase perege, na wapiga picha walisubiri kambare atoke mbele ya kamera. Mtaa wa chini, waliochoka kuhama ndani ya nyumba zao walihama kabisa.

Malori ya kifusi yalikuja kiangazi kilipoanza. Dereva wa kwanza alirudi kinyumenyume hadi kwenye matete ya nyuma, akazima injini, akatoa kichwa dirishani. Kundi la samaki lilikuwa linapita.

"Wamekwisha, mama?"

"Bado mmoja, mzee," mtunza ziwa alijibu. "Mwendo wake mzito."

Dereva alisubiri bila kinyongo, akipiga vidole kwenye usukani.

"Haya, kashapita."

"Asante, mama," dereva alisema, akawasha injini, akainua tela, akamwaga.